Kungoja Kando ya Mto: Jibu Kuhusu Filamu ya Eleni na Wakimbizi wa Odessa

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, Tanga. Nimetazama filamu ya Kigiriki ya Theo Angelopoulos inayomhusu Eleni, yatima aliyefika na wakimbizi, na kijana anayempenda. Ni ndefu, karibu saa tatu, na inakwenda taratibu mno. Mara mbili nilishikwa na usingizi, na kila nilipoamka nilikuta watu wamezeeka au wamekufa, wala sikujua ni mwaka gani. Je, mwendo huo wa taratibu una sababu, au ni mazoea tu ya mwongozaji? Wakimbizi hao ni wa vita gani? Na mapenzi yenyewe yako wapi, ikiwa wapenzi hao karibu hawaambiani neno?

Jibu: Ndugu Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, na nakushukuru zaidi kwa kueleza waziwazi jinsi ulivyosinzia, kwa kuwa ndani ya maelezo hayo mna sehemu kubwa ya jibu. Unasema kila ulipoamka ulikuta watu wamezeeka au wamekufa. Mtazamaji ambaye hakufumba jicho hata mara moja naye hupatwa na jambo hilohilo. Filamu hiyo, ambayo kwa Kigiriki inaitwa To livadi pou dakryzei, nami hapa nitaiita Uwanda Unaolia, ilitoka mwaka 2004 na kushindanishwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka huohuo. Inaanza mwaka 1919 na kuishia katika mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki, yaani miaka 30 iliyobanwa ndani ya muda usiotimia saa tatu. Historia yake, kwa hiyo, inakimbia. Kinachokwenda taratibu ni picha: kamera inatulia, inasogea kama mtu anayevuka shamba lenye matope, inamngoja kila mtu afike alikokuwa akienda, halafu mkato mmoja unaruka miaka kadhaa bila kuandika mwaka wala kumtangaza aliyefariki. Mimba, uzazi, kifo cha mama wa nyumba na kuanguka kwa serikali ni mambo yanayotokea katika ufa ulio kati ya picha moja na nyingine. Tunachoachiwa kutazama ni watu wakiishi na yale yaliyokwisha kuwapata.

Nianze na historia, kwa sababu bila ya hiyo ufa huo haujazwi na chochote isipokuwa usingizi.

Wagiriki hawa hawatoki Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, ingawa watazamaji wengi hudhani hivyo. Wanatoka Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, ambako jamii ya wafanyabiashara wa Kigiriki ilikuwa imekaa kwa vizazi na ambako, mwaka 1814, kilianzishwa chama cha siri kilichoandaa uasi wa Wagiriki dhidi ya dola ya Uthmania. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, Ugiriki ilipeleka divisheni mbili za jeshi kusini mwa Ukraina mwanzoni mwa mwaka 1919, bega kwa bega na Wafaransa, ili kupigana na Wabolsheviki, wakomunisti walioshika madaraka. Safari hiyo ilishindwa. Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Wabolsheviki, liliingia Odessa mwezi Aprili, na Wagiriki wa huko, ambao jeshi la taifa la mababu zao lilikuwa limekuja kupigana na watawala wapya, hawakuwa na namna ya kubaki kwa amani. Ndiyo sababu kundi lile la mwanzo wa filamu, lenye makoti ya mjini na masanduku ya safari, linasimama kwenye tope kando ya mto karibu na Thessaloniki. Sauti ya mtu tusiyemwona inawauliza wao ni nani, na mzee wao, Spyros, anajibu kwa niaba ya wote. Tazama jinsi jibu linavyotolewa. Anajieleza kama mtu aliyesimama mbele ya ofisa, kwa mpangilio, tulipotoka, yaliyotupata, tulikoahidiwa ardhi, na wakati wote huo wenzake wamesimama nyuma yake bila kujongea, na maji yaliyo mbele yao yanarudisha taswira yao miguu juu, kichwa chini. Umbali kati ya muulizaji na waulizwa ni mto mzima. Filamu haitauziba umbali huo hadi mwisho.

Miaka mitatu baadaye ndipo lilipokuja wimbi kubwa ambalo bila shaka unalifahamu. Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki lilishindwa Asia Ndogo na mji wa Smyrna ukateketea kwa moto, na tarehe 30 Januari 1923 huko Lausanne ukatiwa saini mkataba wa kubadilishana watu kwa lazima. Kigezo kilikuwa dini: Wakristo wa Kiorthodoksi waende Ugiriki, Waislamu waende Uturuki, hata kama Mkristo huyo hakujua Kigiriki na Mwislamu huyo hakujua Kituruki. Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 5, ilipokea wakimbizi kiasi cha milioni 1.2. Ukiyashika makadirio hayo kichwani, utaelewa kwa nini Angelopoulos haonyeshi nyumba hata moja ya mjini yenye nafasi. Eleni na kijana wake wanapotorokea Thessaloniki wanapewa hifadhi katika jumba la maonyesho ambamo familia zimegawana vibanda vya watazamaji, kila familia kibanda chake, na mashuka yametundikwa kuwa kuta. Jambo hilo halikubuniwa kwa ajili ya uzuri wa picha. Katika jumba la maonyesho la manispaa ya Athens wakimbizi waliwekwa hivyohivyo, familia moja katika kila kibanda, na picha za mnato za wakati huo zimebaki.

Sasa nije kwenye mwendo. Wengi wetu tulizoeshwa filamu katika vibanda vya video, ambamo mfasiri hamwachii mtazamaji hata sekunde mbili za kimya; kila mtu akinyamaza kwenye kioo, yeye anamsemea. Sikio lililolelewa hivyo huona kimya kama kasoro ya mashine. Lakini ukumbini tunakosikiliza taarabu asilia tunajua kungoja: bashraf hupigwa hadi mwisho, vyombo peke yake, na hakuna anayelalamika kwamba mwimbaji amechelewa kusimama. Uwanda Unaolia unamtaka mtazamaji wa namna hiyo, anayekubali kwamba kungoja ni sehemu ya kilichomleta.

Na kungoja ndiyo hali halisi ya mkimbizi. Anangoja kibali, anangoja ardhi, anangoja barua, anangoja maji yapungue. Mwongozaji anayetaka kulisema hilo kwa picha zinazokatwa kila sekunde 4 atakuwa anatupa habari za kungoja bila kutungojesha. Angelopoulos aliyajua mambo haya tangu utotoni. Alizaliwa Athens mwaka 1935, na Desemba 1944, akiwa na umri wa miaka 9, baba yake, mfanyabiashara aliyeitwa Spyros, alikamatwa katika mapigano ya mjini humo, na familia haikujua kama yu hai. Alieleza baadaye jinsi alivyokwenda na mama yake kumtafuta miongoni mwa maiti. Baba alirudi baada ya miezi kadhaa, kwa miguu. Jina la Spyros limerudi katika filamu zake mara nyingi, likiwa jina la baba anayeondoka au anayerudi, na hapa amepewa mzee anayewaongoza wakimbizi wa Odessa.

Kuna kijiji chenyewe pia. Kilijengwa kwa ajili ya filamu katika ziwa Kerkini, kaskazini mwa Ugiriki, katika eneo ambalo hukauka maji yanapopungua na kufunikwa yanapojaa. Ziwa hilo lilitokana na bwawa lililojengwa kwenye mto Strymon mwaka 1932, sehemu ya kazi kubwa ya kuzuia mafuriko katika tambarare ya Serres, eneo ambalo wakimbizi wengi walipewa ardhi ya kulima. Wajenzi waliinua nyumba wakati wa ukavu, wakapiga picha za maisha ya kijijini, kisha wakangoja msimu. Maji unayoyaona yakimeza mapaa, na wanakijiji wakiondoka kwa mitumbwi huku wamekaa juu ya magodoro na viti vyao, ni maji ya ziwa lenyewe. Mimi nikiitazama sehemu hiyo hupata uzito ambao sijaupata katika mafuriko ya filamu za bajeti kubwa zaidi, na nadhani sababu ni hiyo: maji hayana haraka, na kamera nayo haikuyaharakisha.

Kuhusu mapenzi, naomba kwanza nikupe mlolongo wa matukio, kwa kuwa usingizi ulikunyima baadhi. Eleni aliokotwa Odessa akilia kando ya maiti ya mama yake, akalelewa na Spyros na mkewe Danae pamoja na mtoto wao wa kiume. Wakiwa bado wadogo wa umri, Eleni anapata mimba ya kijana huyo. Anafichwa mjini, anazaa mapacha wa kiume, na watoto wanachukuliwa kulelewa na familia yenye uwezo. Danae anafariki, na Spyros, mlezi wake, anataka kumwoa. Siku ya harusi Eleni anatoroka na kijana wake, bado amevaa gauni jeupe la bibi harusi, na mpiga fidla aitwaye Nikos anawapokea katika kundi la wanamuziki. Spyros anawafuata hadi katika lile jumba la maonyesho, anasimama jukwaani peke yake na kuita, huku wakimbizi wakimtazama kutoka vibandani mwao kama vile wamekata tiketi. Wagiriki wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine, kutokana na tanzia zao za kale: mlezi na mtoto wanaogombea mwanamke mmoja, ndugu wawili wanaokutana katika vita wakiwa pande mbili, mama anayebaki kuzika. Huhitaji kuzisoma tanzia hizo ili kuifuata filamu, lakini ukijua zipo utaelewa kwa nini hakuna anayeshangaa mabaya yanapofika.

Unauliza mapenzi yako wapi. Angalia kwanza kwamba wawili hawa hawana chumba. Tangu mtoni hadi jukwaani, hakuna mahali wanapokuwa peke yao kwa muda wa kutosha kusema neno ambalo jirani hatalisikia kupitia shuka. Kamera inakaa mbali kwa sababu hiyo, kama ambavyo mtu mwenye adabu angekaa mbali. Kijana anapiga akodiani, na muziki wa mtunzi Eleni Karaindrou, ambao wakati mwingine ni ule unaopigwa na wanamuziki walio ndani ya hadithi yenyewe, unachukua nafasi ya maneno waliyokosa pa kuyasemea. Kisha linakuja tukio la uzi, na hapa naomba urudi uitazame filamu, hata kama hutarudi pengine popote.

Kijana anakwenda Marekani na wanamuziki wenzake. Eleni yuko gatini, mkononi ana sweta jekundu la sufu alilokuwa akimfumia, ambalo halijakwisha. Kijana anashika ncha ya uzi na kushuka kwenye mashua itakayompeleka melini. Mashua inaondoka. Sweta linaanza kufumuka mikononi mwa Eleni, mstari baada ya mstari, na uzi unavutwa juu ya maji, mwembamba, mwekundu, ndio rangi pekee iliyo hai katika bahari ya kijivu na umati wa makoti meusi. Hakuna mkato. Tunaungoja uzi uishe kama wao wanavyongoja, na unapoisha unaponyoka na kuangukia majini. Mwongozaji mwingine angekata picha tano na sote tungeelewa kwamba wameagana. Hapa tunaona kazi ya miezi ya mwanamke mmoja ikirudi kuwa uzi mtupu mbele ya macho yetu, kwa kasi ileile ya mashua.

Kijana hakuondoka kwa kumchoka mkewe, nawe kwa kuwa ni mwalimu wa historia utaona ugumu wa ahadi yake ya kumwita. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliwatengea Wagiriki nafasi 100 tu kwa mwaka, na ingawa baadaye ziliongezwa hadi 307, mlango ulibaki mwembamba mno. Vita Kuu ya Pili ilipofika, serikali ya Marekani ilirahisisha uraia kwa wageni waliojiunga na jeshi lake, na katika filamu kijana anajiandikisha akitumaini kwamba karatasi hiyo ndiyo itakayomvusha Eleni na watoto. Anakufa Okinawa, mwaka 1945, katika vita dhidi ya Wajapani ambao hawakuwa na ugomvi naye. Mtu anayekwenda upande wa pili wa dunia kufia karatasi ya kumwita mkewe, mimi siwezi kusema hakuwahi kutamka mapenzi.

Upande wa nyumbani nao haukuwa na nafuu. Mei 1936 wafanyakazi wa tumbaku wa Thessaloniki waligoma, na tarehe 9 polisi waliwapiga risasi waandamanaji na kuwaua watu wapatao 12. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo waziri mkuu, Jenerali Metaxas, akasimamisha udikteta. Katika filamu, miaka hiyo inamchukua Nikos. Amepigwa risasi, anatembea akijikokota kati ya mashuka meupe yaliyoanikwa pwani, na tunajua alikopita kwa damu anayoiacha kwenye shuka. Spyros naye anafia mbele yetu: anamkuta Eleni kwenye ukumbi wa muziki, anaomba kucheza naye, wanacheza kimya, kisha mzee anaanguka. Kijijini wanamlaumu Eleni. Kondoo wa familia wanachinjwa na kutundikwa kwenye mti ulio mbele ya nyumba, na damu inadondoka chini. Baadaye vinakuja uvamizi wa Italia wa mwaka 1940, ukaliaji wa Wajerumani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1946 hadi 1949, wakati ambapo maelfu ya wanawake walifungwa au kupelekwa visiwani, kama Trikeri na Makronisos. Eleni anapitia gereza baada ya gereza kwa kosa la kumhifadhi mwasi, na katika homa yake anamwambia mlinzi kwamba hana maji, hana sabuni, hana karatasi ya kuwaandikia wanawe, huku sare ya mlinzi ikibadilika na maombi yake yakibaki yaleyale. Mapacha wake wamekua. Mmoja yuko katika jeshi la serikali, mwingine msituni na waasi.

Sitakuficha kwamba nina malalamiko yangu. Nusu saa ya mwisho inarundika vifo kwa wingi unaochosha moyo kabla haujapata nafasi ya kuumia, na baadhi ya ishara, ule mti wa kondoo hasa, zimewekwa mbele yetu kwa mkono mzito. Pia Eleni mwenyewe anapewa maamuzi machache kuliko anavyostahili: akishakimbia harusi, karibu kila kitu anatendewa. Huenda mwongozaji angeyarekebisha haya katika kazi zilizofuata, kwa kuwa filamu hii ilikusudiwa kuwa ya kwanza kati ya tatu. Ya pili ilitoka mwaka 2008, na ya tatu alikuwa akiipiga picha Januari 2012 alipogongwa na pikipiki na kufariki dunia.

Ukitaka kuitazama tena, jaribu hivi: kila picha mpya inapoanza, kabla hujatazama nani yupo, jiulize nani hayupo. Utagundua kwamba miaka yote uliyoikosa imeandikwa hapo. Na ukitaka kuionyesha darasani, usiwape wanafunzi saa tatu nzima. Waonyeshe mwanzo, wakimbizi wakijieleza kando ya mto, na uwaulize jibu la Spyros linaacha nini. Kisha waonyeshe uzi, na uwaambie wasizungumze hadi uishe. Mengine watayatafuta wenyewe wakikua.

Limebaki jina. Katika barua ya mwisho kutoka Okinawa, kijana anasimulia ndoto: yeye na Eleni wamepanda kutafuta chanzo cha mto, hadi wakafika kwenye uwanda ambao nyasi zake zilikuwa zimelowa. Eleni akainama, akazigusa, na matone yakadondoka ardhini kama machozi. Barua hiyo inamfikia Eleni wakati mwandikaji amekwisha kufa. Eleni, akiwa ametoka gerezani, anavushwa kwa mtumbwi hadi kwenye ile nyumba iliyozama nusu, anamkuta mmoja wa wanawe amelala ndani yake bila uhai, na mwanamke ambaye kwa filamu nzima alizungumza kwa kunong'ona anafungua kinywa na kulia, na kilio hicho kinaendelea juu ya maji bila mtu wa kumnyamazisha.